Kiingereza pekee, tafsiri, au Kiswahili kwa kipimo: mwalimu wa Kiingereza achague ipi?

Mwalimu mpya wa Kiingereza katika sekondari ya kata hujikuta kati ya amri mbili. Ukutani pameandikwa kwamba katika eneo hili la shule huzungumzwa Kiingereza tu. Mbele yake wamekaa watoto wa kidato cha kwanza waliosoma masomo ya msingi kwa Kiswahili, isipokuwa hilohilo moja analofundisha yeye. Walimu wengi hapo hawachagui njia yoyote. Huanza sentensi kwa Kiingereza, huona nyuso zimeganda, humalizia kwa Kiswahili, na kipindi kinakwenda hivyo mpaka kengele.

Njia zinazofaa kulinganishwa ni tatu: Kiingereza pekee, tafsiri, na ile ninayoiita Kiswahili kwa kipimo. Niseme mapema ninakoegemea. Kwa darasa la kawaida la Tanzania naipigia kura ya tatu, ila kwa sharti ambalo wengi wanaoisifia hawalitimizi. Kiswahili madarasani kwetu mara nyingi hakijazidi wala hakijapungua. Kimewekwa mahali pasipo pake.

Zilikotoka

Kiingereza pekee kina historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1878, mjini Providence katika jimbo la Rhode Island, Marekani, Maximilian Berlitz, mwenye shule ya lugha, alimwajiri Mfaransa Nicholas Joly awe msaidizi wake. Kwa simulizi ya kampuni ya Berlitz yenyewe, Berlitz aliugua, na Joly hakujua Kiingereza hata kidogo, kwa hiyo ikambidi afundishe Kifaransa kwa kuonyesha vitu na kuigiza. Berlitz alipopata nafuu na kurudi, alikuta wanafunzi wanajibizana kwa Kifaransa. Njia ikazaliwa, na biashara ikazaliwa nayo. Ila tusisahau waliokuwa wamekaa mle darasani: watu wazima waliotoa fedha zao mfukoni kwa sababu waliitaka lugha.

Kwetu Afrika Mashariki wazo hilo lilipata baraka rasmi mwaka 1961, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walipokutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mwaka 1992 mwanaisimu Robert Phillipson alichambua imani tano ambazo kwa maoni yake zilitoka pale, na zote tano akaziita potofu: kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba kuanza mapema ndiko bora, kwamba kadiri Kiingereza kinavyozidi ndivyo matokeo yanavyopanda, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana kiwango cha Kiingereza hushuka. Pita barabara yoyote yenye mabango ya shule za mchepuo wa Kiingereza, uhesabu ngapi kati ya imani hizo bado zinauzika.

Tafsiri ni kongwe zaidi, imetoka katika kufundisha Kilatini na Kigiriki huko Ulaya. Kanuni hutolewa kwa lugha ya mwanafunzi, orodha ya maneno hukaririwa, sentensi hugeuzwa kutoka huku kwenda huku. Hakuna mkuu wa chuo cha ualimu atakayekuambia uifuate. Hujileta yenyewe, mwalimu anapochoka au Kiingereza chake kinapoyumba.

Ya tatu ilipewa umbo na C. J. Dodson wa Aberystwyth, Wales, mwaka 1967, na baadaye ikaendelezwa na Mjerumani Wolfgang Butzkamm. Kiini chake ni kidogo kiasi cha kumfanya mtu adhani amepunjwa. Mwalimu anasema sentensi kwa Kiingereza, anaitolea maana kwa lugha ya wanafunzi kwa sauti ya chini, kama mtu anayemnong'oneza jirani, kisha anairudia kwa Kiingereza kwa sauti kamili. Wanafunzi wanaitamka ile ya Kiingereza. Kiswahili kimepita katikati na kimekwisha. Hakuna hotuba juu yake.

Maneno mapya

Kama neno ni mwavuli, ndoo au kuruka, Kiingereza pekee kinashinda. Chora, onyesha, ruka. Mwanafunzi anakumbuka mwalimu aliyeruka mbele ya ubao kuliko mstari kwenye daftari.

Shida huanza kwenye maneno yasiyochoreka. Chukua "unless". Nimeona vipindi ambamo neno hilo peke yake lilikula robo saa. Mwalimu anatoa mfano, "Unless it rains, we will play", darasa linasikia mvua na mchezo, linahitimisha kwamba watacheza mvua ikinyesha. Mfano wa pili unatolewa, watatu wanaelewa, sabini wananakili. Mwalimu wa njia ya tatu anasema sentensi ileile, ananong'ona "mvua isiponyesha, tutacheza", anairudia kwa Kiingereza. Ile "-sipo-" inafanya kazi ileile, na kila mtoto anayo tangu nyumbani. Dakika zilizookolewa zinakwenda kwenye sentensi kumi ambazo wanafunzi watazitunga wenyewe.

Tafsiri nayo ingefika hapohapo haraka, lakini ina tabia mbaya: hupenda neno moja kwa neno moja. Andika ubaoni "lend – azima" na "borrow – azima" halafu subiri. Kabla ya mapumziko utasikia "Can I lend your pen?". Andika "hand – mkono" na mtu atavunjika "hand" mahali palipo na kiwiko. Dawa si kukimbia Kiswahili. Dawa ni kutafsiri kirai kizima pamoja na hali yake: "Lend me your pen", nipe kalamu yako nitakurudishia. Kamusi ya TUKI ya Kiingereza–Kiswahili iliyotoka 1996 inasaidia sana mwanafunzi akifundishwa kusoma mifano yake, na kidogo sana akiishia kwenye neno la kwanza.

Ushahidi upo. Mwaka 2008 Batia Laufer na Nany Girsai walichapisha utafiti waliofanya Israeli kwa wanafunzi wa sekondari wanaojifunza Kiingereza. Kundi moja lilikutana na maneno mapya katika kazi za kuelewa maana tu, la pili lilifanya mazoezi ya maneno hayo bila lugha yao, la tatu lililinganisha na kutafsiri kwenda na kurudi. Kundi la tatu liliongoza katika kila jaribio. Kundi la kwanza, lililotegemea kukutana na maneno tu, halikuambulia kitu cha kujivunia.

Sarufi, na hasa ile "-me-"

Hapa ndipo mwalimu anayejua Kiswahili ana silaha ambayo mgeni hana, na wengi wetu hatuitumii kwa sababu ya lile bango la ukutani.

Mwanafunzi amefundishwa kwamba "-me-" ni "has" au "have". Amekula, "he has eaten". Safi. Kisha anaandika "he has slept" akimaanisha mtu aliyelala pale kitandani sasa hivi, na "she has worn a red dress" akimaanisha gauni lililo mwilini. Mwalimu wa Kiingereza pekee anasahihisha kwa kalamu nyekundu, wiki ijayo anasahihisha tena. Mwalimu wa tafsiri huenda ndiye aliyelipanda kosa. Wa tatu anasimama dakika tatu na kusema kwa Kiswahili: angalieni, ukisema "amekula" kitendo kimekwisha, sahani imeshaoshwa. Ukisema "amelala", "amevaa", "amesimama", "amekaa", kitendo kilianza nyuma lakini hali yake inaendelea, na Kiingereza hapo hutumia "is": "is sleeping", "is wearing", "is standing". "Nimechoka" ni "I am tired" kwa sababu hiyohiyo. Halafu anarudi kwenye Kiingereza na kuwapa mazoezi.

Maelezo hayo ukiyatoa kwa Kiingereza kwa kidato cha kwanza utakuwa unafundisha mambo mawili magumu kwa wakati mmoja. Na hayawezekani kabisa bila kukitaja Kiswahili, kwa sababu kosa lenyewe limetoka huko.

Lakini kuna makosa ambayo maelezo hayayaponyi, na hapa watetezi wa Kiswahili, nami nikiwemo, huwa tunajisahau. "Yeye" haina jinsia. Kila mwanafunzi anaijua tofauti ya "he" na "she", ukimwuliza atakueleza bila kukwama, kisha atasema "my mother, he is at home". Hilo ni jambo la ulimi, linataka kusikia na kusema mara nyingi sana. Vivyo hivyo "a" na "the": waambie mara moja kwamba Kiswahili hakina vijineno hivyo, basi, kilichobaki ni kusoma na kusoma. Ukiendelea kueleza kwa Kiswahili wiki tatu mfululizo, unawanyima dawa yenyewe. Kwa kundi hili la makosa, Kiingereza pekee ndicho chenye nafasi kubwa ya kusaidia.

Matamshi pia yaache kwa Kiingereza. Lugha yetu ina irabu tano na silabi zake kwa kawaida huishia kwa irabu, ndiyo maana "ship" na "sheep" zinakuwa kitu kimoja na "desk" inaota "i" mwishoni. Sema hivyo mara moja, kisha sikilizeni na mtamke.

Maelekezo, utani na karipio

Sehemu hii ndiyo inayonifanya niseme Kiswahili kimewekwa pasipo pake.

Kaa nyuma ya darasa lolote la Kiingereza usikilize lugha inavyogawanywa. Sarufi ngumu inafundishwa kwa Kiingereza, kwa sababu mwalimu anaona hiyo ndiyo "somo". Kisha anageuka: "Wewe Juma, kaa vizuri. Fungueni ukurasa wa ishirini na tano. Monita, kusanya madaftari. Kesho asiyeleta kazi asiingie." Yote kwa Kiswahili. Na kichekesho, kama kipo, nacho Kiswahili. Watoto hawa wamejifunza kitu kikubwa bila kuambiwa: mambo ya kweli husemwa kwa Kiswahili, Kiingereza ni cha maonyesho.

Geuza. "Open page twenty-five" inarudi kila siku, inaonekana kwa macho, na asiyeelewa humtazama jirani akafuata. Hiyo ndiyo nafasi ya dhahabu ya Kiingereza pekee, nayo haigharimu chochote. Sentensi kama thelathini za namna hiyo, zikisemwa kwa Kiingereza kila siku tangu Januari, zinatosha kuendesha darasa lote. Mpe pole mgonjwa kwa Kiingereza, mtanie aliyechelewa kwa Kiingereza, kemea kwa Kiingereza. Kiswahili kihamie kule kwenye "unless" na "-me-". Dakika zinaweza kuwa zilezile, mgawanyo tu umebadilika.

Neno moja kuhusu adhabu. Shule zinazomvisha mtoto kibao shingoni kwa kusema Kiswahili zinadhani zinafuata njia ya kwanza. Hazifuati njia yoyote. Joly hakumwadhibu mtu kwa kusema Kiingereza. Alifanya Kifaransa kieleweke. Mtoto aliyevishwa kibao anajifunza kunyamaza, na aliyenyamaza hajifunzi kusema.

Kuzungumza

Kipindi cha dakika 40 na wanafunzi 80: ukimpa kila mmoja nafasi ya kusimama, ana sekunde thelathini, bila kuhesabu muda wa kuita majina. Kwa hiyo mazungumzo ni lazima yafanyike wawiliwawili au makundi, na ukiwaacha wawiliwawili watazungumza Kiswahili. Hoja hii wapenzi wa Kiingereza pekee huitumia sana, na ina uzito.

Hapa inafaa kutenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya: mwalimu aseme lugha gani, na wanafunzi waseme lugha gani. Mwalimu wa njia ya tatu huwaruhusu wajiandae kwa Kiswahili, dakika mbili au tatu, waamue watasema nini kuhusu, tuseme, mgeni anayeuliza bei ya chumba. Muda huo ukiisha, Kiswahili kimefungwa na igizo linafanyika kwa Kiingereza. Kutunga wazo na kutafuta maneno ya kigeni kwa pamoja ni mzigo mzito kwa anayeanza. Ukimpa wazo kwanza, maneno yanapata nafasi. Kadiri mwaka unavyokwenda, dakika za maandalizi zipunguzwe.

Tafsiri katika eneo hili haina cha kutoa. Inazaa kijana mwenye alama A kwenye cheti ambaye mtalii akimwuliza kitu pale Forodhani, Unguja, anaanza kupanga kitenzi kichwani, na mtalii ameshaondoka.

Kusoma na mtihani

Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania hakikutosha kubebea masomo. Mradi uliofuata, kwa fedha za Uingereza, ulitegemea sana vitabu vyepesi vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi. Wazo hilo bado lina mantiki: Kiingereza kinachohitajika hakiwezi kutoka chote kinywani mwa mwalimu. Anayechagua Kiswahili kwa kipimo darasani anadaiwa Kiingereza kingi nje ya darasa, na njia rahisi ya kulipa deni hilo ni kusoma.

Kwa aya ngumu, tafsiri ya mdomo inaokoa. Kwa kila aya, inaua; mwanafunzi hujifunza kusubiri maana ya Kiswahili na kuiruka aya ya Kiingereza. Kwa mtihani, fundisha mapema vitenzi vya maswali kwa lugha zote mbili, kwa kuwa wapo wanaoanguka si kwa kutojua jibu bali kwa kutoelewa waliloambiwa wafanye.

Darasa lisilo na Kiswahili kimoja

Yote niliyosema yanachukulia kwamba Kiswahili ni cha darasa zima. Kijijini Usukumani au Umasaini, madarasa ya chini, Kiswahili chenyewe bado ni lugha ya kujifunza. Kuongeza tafsiri ya Kiswahili hapo ni kumweleza mtoto fumbo kwa fumbo. Picha, vitendo na nyimbo zitangulie, na kama mwalimu anajua Kisukuma au Kimaasai, mnong'ono uwe wa lugha hiyo.

Goma na Bukavu hali ni nyingine. Mwanafunzi ana Kifaransa cha shule na Kiswahili cha mtaani. Kwa msamiati, Kifaransa ndicho njia ya mkato, maana maneno kama "information" na "question" yameandikwa vilevile. Kwa maelezo, Kiswahili. Mwalimu aangalie tu marafiki wa uongo: "librairie" si "library", ni duka la vitabu, na "actuellement" si "actually".

Kambi ya Kakuma, Kenya, darasa moja linaweza kuwa na Msomali, Msudani Kusini na Mkongo. Mwalimu akijibu swali kwa Kiswahili amewapendelea baadhi na kuwatenga wengine. Hapo Kiingereza pekee hakina mpinzani, ila wenye lugha moja waruhusiwe kuulizana.

Basi wewe uchague ipi

Ukiwa na watu wazima wachache waliojilipia, wanaokutana na Kiingereza kazini, kama waongoza watalii wa Arusha au wahudumu wa hoteli, chukua Kiingereza pekee na weka Kiswahili akiba kwa kukwama tu. Wana nia, na mazoezi yanawasubiri nje.

Ukiwa na watoto wadogo wa mchepuo wa Kiingereza wenye mwalimu mchangamfu na darasa dogo, njia hiyohiyo, bila kibao.

Ukiwa na kidato cha kwanza cha shule ya kata, chukua Kiswahili kwa kipimo, na kipimo kishuke muhula kwa muhula. Kidato cha tatu wakihitaji bado Kiswahili kingi kama siku ya kwanza, ulikuwa unafanya tafsiri kwa jina jingine.

Ukiwa na mtu mmoja anayejiandaa kusoma nyaraka za Kiingereza ofisini na hana haja ya kuzungumza, tafsiri inamtosha na hakuna aibu.

Kama Kiingereza chako mwenyewe si imara, usijifiche kwenye Kiingereza pekee, kwani utawapa wanafunzi makosa yako kwa wingi. Tumia mnong'ono, andaa sentensi za Kiingereza mapema, na pakua sauti za wasemaji wazuri kwenye simu wazisikie.

Kuhusu mkuu wa shule au mthibiti ubora atakayekuja na kusikia Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza: kiandike kwenye andalio la somo. Hatua ya pili, dakika tatu, ulinganisho wa "-me-" na "is" kwa Kiswahili, kisha mazoezi kwa Kiingereza. Kilichoandikwa na kupangiwa dakika unaweza kukitetea mbele ya yeyote, na ukishaanza kukiandika utaona mwenyewe ni kiasi gani cha Kiswahili chako cha kila siku kisichopata mahali pa kuandikwa.